Sanduku la Bustani Lenye Mfuniko wa Kioo: Tathmini Baada ya Majira Mawili ya Baridi Yenye Mvua

Sanduku ninalolitathmini hapa liliuzwa kwa ahadi ya joto. Karatasi ya maelezo iliyokuja nalo ilirudia mara kadhaa jinsi vipande vya mpira vilivyozungushwa kwenye ukingo wa mfuniko vinavyoizuia baridi isipenye, na mchoro wake ulionyesha miche ya mboga iliyostawi ndani huku theluji ikianguka nje. Mimi sikulinunua kwa ajili ya joto. Nililinunua ili liwe paa la mimea ambayo haiogopi baridi lakini hufa kwa unyevu, yaani mimea midogo ya vilele vya milima mirefu, pamoja na matunguu ya maua yanayochanua kabla majira ya baridi hayajaisha. Kwa kazi hiyo ni kifaa kizuri, ingawa ilinibidi kwanza kuking'oa kile kile ambacho mtengenezaji alikuwa akijivunia.

Hukumu yangu yote kuhusu sanduku hili inategemea suala la unyevu, kwa hiyo nianzie hapo. Juu ya mpaka ambapo miti hukoma kuota, majira ya baridi, kwa upande wa mmea, ni majira makavu. Theluji huanguka mapema na kufunika kila kitu, na chini yake halijoto hukaa karibu na nyuzi 0 kwa miezi mingi hata kama hewa ya juu imeshuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Maji yaliyopo yameganda, hivyo hakuna tone linalozunguka shingo ya mmea, pale shina linapokutana na mzizi, na mmea hulala. Theluji inapoyeyuka, maji hushuka kwa wingi katikati ya mawe, mizizi hunywa yanayoitosha, na mengine hupotea papo hapo. Uchukue mmea huo huo uupeleke mahali pa chini ambako majira ya baridi ni mawingu, nyuzi 4 hadi 8, na mvua nyepesi inayonyesha siku tatu, ikapumzika moja, kisha ikaanza upya. Hauwezi kulala kwa sababu baridi haitoshi, hauwezi kukua kwa sababu mwanga hautoshi, na kila siku unashinda umelowa.

Inayoteseka zaidi ni ile inayoota kwa umbo la mto, kama vile Androsace, Dionysia na baadhi ya Saxifraga, kwa kuwa vichipukizi vyake vidogo vimebanana kiasi kwamba maji yakishaingia katikati hayana njia ya kutoka, na ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea, hukuta makao yakiwa tayari. Dionysia nyingi hutoka kwenye kuta za miamba ya Iran na Afghanistan, mara nyingi chini ya jiwe lililochomoza ambako mvua haiwagusi kabisa wala haijawahi kuwagusa mababu zao, kwa hiyo hazikuzaliwa na kinga yoyote. Ukavu, kwa upande wake, hauishtui kirahisi mimea ya milimani. Lewisia rediviva, ambayo mpelelezi wa Kimarekani Meriwether Lewis aliikusanya magharibi mwa Marekani mwaka 1806, ilifika Philadelphia ikiwa imekaushwa kama kielelezo cha kuhifadhiwa katika karatasi, lakini mzizi wake ulipopandwa ukachipua. Neno la pili la jina lake la Kilatini lina maana ya kilichofufuka. Sijawahi kusikia mmea wa aina hiyo uliofufuka baada ya kuoza.

Sanduku lenyewe lina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60. Ubao wa nyuma una kimo cha sentimita 45 na wa mbele 30, hivyo mfuniko huinama kiasi cha nyuzi 14, mwinamo unaotosha kuteremsha maji ya mvua. Mfuniko una vioo viwili vya unene wa milimita 4, kimoja nusu ya juu ya mwinamo na kingine nusu ya chini, na vinapokutana umelazwa upau wa alumini kwa urefu wote wa sanduku. Mbao ni za mwerezi, hazikupakwa chochote, na baada ya miaka miwili zimegeuka kijivu bila kuoza wala kupinda. Kuliunga kulinichukua muda usiofika saa mbili kwa bisibisi moja. Bawaba moja ilifika ikiwa imepinda. Muuzaji alileta nyingine ndani ya wiki moja bila maswali, na kuhusu huduma yake sina zaidi la kusema.

Nilikuwa nimesita kati ya sanduku hili na jingine lenye mfuniko wa polikaboneti, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, yenye tabaka mbili. Nafurahi kwamba nilichagua kioo. Kioo safi hupitisha takriban asilimia 90 ya mwanga, polikaboneti ya tabaka mbili hupitisha pungufu ya hapo, na katika miezi ambayo jua huonekana kwa saa chache tu, kila sehemu ya mwanga huo ina thamani. Aidha, ndani ya vifereji vya polikaboneti huota utando wa kijani ambao hauwezi kusafishwa bila kuufungua mfuniko wote. Uzito wa kioo, ambao wengi huuhesabu kuwa kasoro, ndio uliouzuia mfuniko wangu usipae katika dhoruba mbili ambazo ziliangusha uzio uliokuwa nyuma yake.

Majira ya kwanza ya baridi niliifuata karatasi ya maelezo neno kwa neno. Mfuniko ulifungwa usiku na siku zote za mvua, ukafunguliwa kidogo jua lilipotoka, na kwa wiki kadhaa nilijipongeza kwa sababu changarawe iliyozunguka mimea ilionekana kavu. Sikujua kwamba mvua ilikuwa ikinyesha ndani. Unyevu wa mchanga na vyungu ulipanda, ukakutana na kioo baridi, ukawa matone. Matone yakateremka upande wa ndani wa kioo cha juu hadi kwenye upau wa alumini, yakasimama hapo, na kila palipokuwa na kichwa cha skrubu yakadondoka, tone baada ya tone, mahali pale pale. Chini ya skrubu ya tatu palikuwa na Androsace vandellii niliyoilea kwa miaka minne, mto wa kijivu wenye upana wa kiganja, uliofunikwa kwa vinyweleo vyeupe. Asubuhi moja niliona juu yake kijiduara cha hudhurungi kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Nilikigusa kwa kibano. Vichipukizi viliachia bila kuvutwa, kama nyuzi za kitambaa kilichooza, na chini yake mlikuwa na ukungu laini ambao ulipeperuka kama vumbi nilipopumua. Niliondoa sehemu yote iliyooza hadi nikafikia penye uhai, nikalijaza shimo kwa mchanga mkavu, nikalisogeza chungu mbali na upau. Baada ya wiki tatu mto mzima ulikuwa umekufa.

Ndipo nilipovivuta vipande vya mpira vyote vinne na kuvitupa. Nilitoboa matundu sita yenye upana wa sentimita 4 kwenye ubao wa mbele, juu kidogo ya usawa wa mchanga, na mengine sita kwenye ubao wa nyuma karibu kabisa na mfuniko, kisha nikayaziba yote kwa wavu wa waya. Sasa hewa huingia chini mbele na kutokea juu nyuma hata mfuniko ukiwa umefungwa, na matone juu ya kioo ni nadra. Asubuhi za ukungu mzito huyaona, lakini hukauka kabla hayajawa mazito kiasi cha kuteremka. Kipimajoto kilicho ndani husoma karibu sawa na kile cha nje. Usiku uliokuwa wa baridi zaidi mwaka jana, nje palikuwa na nyuzi 8 chini ya sifuri na ndani 7. Mwenye kutaka kuotesha miche ya mboga ataona kwamba nimeliharibu sanduku, na kwa matumizi yake atakuwa amesema kweli.

Sikubuni kanuni hii. Katika bustani ya Kew, Uingereza, ipo nyumba ya kioo ya mimea ya milimani iliyofunguliwa mwaka 2006, yenye umbo la tao refu, na ukiitazama jinsi ilivyoundwa utaona kwamba jitihada yote imeelekezwa kwenye hewa: hupozwa katika njia zilizo chini ya jengo, hupulizwa juu ya mimea, kisha ile yenye joto hupanda na kutokea juu. Matundu yangu kumi na mawili ni kazi ile ile kwa kipimo cha maskini.

Kasoro kubwa ambayo bado ipo ni mkono wa kuegeshea mfuniko. Una hatua mbili tu. Ya kwanza hunyanyua ukingo wa mbele kwa sentimita 10, na ya pili huufungua mfuniko hadi ukakaribia kusimama wima. Siku ya mvua inayoanguka wima, sentimita 10 zinafaa sana. Mvua ikija na upepo kutoka mbele, safu nzima ya kwanza ya vyungu hulowa, na mtu hulazimika kuchagua kati ya kuufunga mfuniko kabisa au kukubali maji. Hatua ya pili ni ya hatari wakati wowote upepo unapovuma, kwa kuwa kioo kilichosimama wima ni tanga. Nimeuacha mkono huo na kutumia kibao chenye pengo kila baada ya sentimita 3, kitu ambacho kiwanda kingeweza kukiongeza bila gharama ya kutajika. Inashangaza kwamba aliyesanifu sanduku zuri kiasi hiki hakuwahi, inavyoelekea, kusimama kando yake siku yenye mvua na upepo.

Karatasi ya maelezo haisemi lolote kuhusu kinachowekwa ndani, na hapa ndipo sanduku lilinipendeza kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ubao wake wa mbele una kimo cha kutosha kubeba mchanga. Nimejaza mchanga mkavu wa chembe nene hadi kina cha sentimita 15, na ndani yake nimezamisha hadi ukingoni vyungu 28 vya udongo wa kufinyanga, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha sentimita 13. Sakafu ya sanduku ina mianya kati ya mbao, hivyo maji ya ziada hupata pa kutokea, lakini ni lazima liwekwe juu ya ardhi iliyosawazishwa. Uzito wa mchanga unazidi kilo 100, na sanduku likiegemezwa kwenye matofali ya pembeni tu, sakafu itapinda. Mchanga huzuia vyungu visigande na kuyeyuka haraka haraka, jambo ambalo hupasua vyungu na kukata mizizi. Faida yake kubwa zaidi ni katika kumwagilia. Maji humwagiwa mchanga, si mmea. Ukuta wa chungu huyanyonya polepole na mizizi huyachukua kutoka pembeni, huku shingo na majani yakibaki makavu. Katikati ya majira ya baridi hufanya hivyo mara moja kila wiki tatu au nne, na kiasi hicho kimetosha.

Mchanganyiko ninaoutumia ni nusu changarawe yenye ncha kali na nusu iliyobaki ni udongo pamoja na mboji, na juu kabisa, chini ya majani, huweka changarawe tupu ya kina cha sentimita 2. Siweki vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, ndani ya chungu chini ya udongo, ingawa bado wapo wanaosisitiza. Maji hayatoki kwa urahisi kwenye udongo wa chembe ndogo kuingia kwenye nafasi kubwa za vigae mpaka udongo ulio juu yake uwe umeshiba kabisa, hivyo tabaka la vigae hulipandisha eneo lenye maji karibu zaidi na mizizi, kinyume cha lilichokusudiwa. Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha.

Kwa upande wa matunguu, matokeo ya miaka hii miwili yanatofautiana kiasi kwamba inafaa kuyatazama kwa pamoja. Tunguu la Narcissus bulbocodium huwa limekwisha kuliunda ua lake tangu kiangazi; kinachobaki ni baridi ya wiki nyingi ili shina lipate kurefuka ipasavyo, na mwanga ili lirefuke kwa kiasi. Mwaka wa kwanza, ndani ya sanduku lililofungwa, maua yalitangulia karibu wiki mbili, lakini mashina yalikuwa marefu, laini, yameinamia upande mmoja, na majani yalilala juu ya vyungu vya jirani kama nywele zisizochanwa. Mwaka wa pili, hewa ikipita, mashina yalisimama kwa sentimita 12 hivi na hayakuhitaji kufungwa kwenye kijiti. Iris reticulata ilionyesha tofauti ya aina nyingine. Ua lake hufunguka likiwa chini sana, na nje mvua hulipiga na kulirushia matope hadi petali zikawa kama karatasi iliyoloweshwa. Zile zilizokuwa uwanjani zilinipa siku tatu za kuzitazama, na zile za ndani ya sanduku siku tisa. Mchana wenye jua, hata la dakika chache, mfuniko ukiwa wazi, Crocus hufunguka mbele ya macho kwa sababu ya badiliko dogo tu la joto, na wingu likipita hufunga tena. Nimepoteza muda mwingi nikiyatazama hayo kuliko ninavyopenda kukiri.

Hata hivyo si kila kinachochanua mapema kinataka paa. Galanthus nivalis niliyaweka ndani kwa sababu tu nafasi ilikuwepo, na hayakupendezwa. Hupenda udongo wenye ubaridi na unyevu wa wastani usiokauka, na mchanga wangu ulikuwa mkavu mno kwao. Nimeyarudisha chini ya mti, ambako yanaendelea bila msaada wangu. Soldanella nayo haivumilii ukavu, ingawa machipukizi ya maua yake, ambayo huwa tayari tangu majira ya kupukutika kwa majani, huhitaji kulindwa dhidi ya koa. Nayo Tecophilaea cyanocrocus, ua la buluu kutoka milima ya Chile ambalo lilidhaniwa kuwa limetoweka porini hadi lilipopatikana tena mwaka 2001, ilinifundisha mpaka wa kifaa hiki: usiku ule wa nyuzi 7 chini ya sifuri nilikitoa chungu chake mchangani na kulala nacho ndani ya nyumba. Anayetaka kulinda mimea ya namna hiyo asitarajie kwamba sanduku lisilo na joto litamfanyia kazi hiyo, liwe na mpira au lisiwe nao.

Panya waliligundua sanduku kabla ya mwisho wa majira ya kwanza. Mahali pakavu, penye mchanga laini wa kuchimba na matunguu ya Crocus yaliyopangwa kwa safu, ni neema kwao, na usiku mmoja walikula kumi na moja wakaniachia maganda yaliyopangwa vizuri pembeni. Waliingia kwa chini, kwenye mianya ya sakafu. Wavu wa waya wenye matundu ya milimita 6 ungepaswa kuwekwa kabla ya mchanga kumiminwa. Mimi nilifanya hivyo baadaye, baada ya kuutoa mchanga wote kwa koleo. Koa hujificha chini ya kingo za vyungu, na huonekana kwa tochi saa mbili baada ya giza kuingia. Vidukari vimekuwa wachache, kwa sababu, nadhani, ya hewa inayopita.

Kitu ambacho sikukifikiria nilipokuwa nikinunua ni kiangazi. Matunguu ya Iris reticulata yanahitaji kukaa makavu baada ya majani kunyauka, na kiangazi chenye mvua huyadhuru sawa na majira ya baridi, kwa hiyo upande mmoja wa sanduku huendelea kuhitaji kioo. Mimea yenye umbo la mto, kwa upande mwingine, ingeungua chini ya kioo hicho, na huitoa yote na kuipeleka mahali penye kivuli cha mchana. Ingekuwa rahisi zaidi kama mfuniko ungegawanyika mara mbili, ukafunguliwa nusu. Haugawanyiki, na hata kuuondoa wote si kazi nyepesi: pini za bawaba zimegongwa kwa nguvu, hazina kichwa cha kushika, na ya mwisho niliitoa kwa msumari na nyundo huku mtu mwingine akiushikilia mfuniko kwa mikono miwili. Nimezibadilisha kwa pini zenye pete, na sasa naweza kuuondoa peke yangu.